Shimo la Pili Lingeka

Vijana wa ofisini mmeniomba niandike habari za majengo yangu kabla sijazisahau. Huu ni mwezi wa pili niko nyumbani, sina kikao wala saiti, na mke wangu ameshaanza kuuliza kama ninyi hamna kijikazi cha kunipa. Basi naandika. Ila niwaonye mapema: anayetegemea kusoma habari za kumbi na ofisi za serikali atasikitika. Nitaandika zaidi juu ya udongo na vyoo. Ofisi zile mnaziona kila siku mkipita, hazihitaji maelezo yangu.

Mnajua kwamba mimi ni Mrundi wa kuzaliwa, mtu wa Gitega. Nilisomea usanifu majengo kwa Kifaransa, nikafanya kazi miaka saba nyumbani, halafu vita vikaja. Vita sitavieleza. Walioviona wanavijua, na ambao hawakuviona Mungu aendelee kuwaepusha. Nilivuka mpaka na mke wangu Spesi, binti yetu Alina akiwa mgongoni, na mfuko mmoja. Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo, Biblia ya mama yake Spesi, na rula yangu ya pembe tatu, ile ya vipimo sita. Vyeti vyangu vilibaki kwenye nyumba ambayo sasa haipo. Kwa nini mtu anayekimbia kufa achukue rula na kuacha vyeti, hata leo sijui. Mkono ulichukua kilichokuwa karibu.

Kambini nilikuwa nawachorea majirani chini kwa kijiti, nikiwaonyesha waelekeze wapi mlango wa hema ili maji ya mvua yasiingie. Padre mmoja kutoka upande wa Maswa alikuja kutembelea watu wake, akaniona nikichora, akakaa pembeni akaangalia mpaka mwisho. Baada ya miezi minne ikaja barua. Mkandarasi wa Bariadi alikuwa anahitaji mtu wa kuchora ramani, na ningepewa kibali cha kuishi nje ya kambi. Kibali kilikuwa cha miaka miwili. Kingeongezwa kama mwajiri angeandika kwamba kazi yangu inahitajika na inafaa. Bila barua hiyo, narudi kambini na familia yangu. Iwekeni barua hiyo kichwani, maana kila kitu kinachofuata kinaning'inia juu yake.

Mwajiri huyo alikuwa Bwana Shabani, Mwislamu wa mjini, mtoto wa muuza vitambaa. Maneno yake yalikuwa machache ila sauti ilikuwa ya kutosha watu wanne. Siku ya kwanza aliangalia rula yangu, akaniangalia mimi, akasema, "Hapa hatuna msanifu. Tuna mchora ramani na tuna Mhoja. Ukimsikiliza Mhoja, tutaelewana."

Mhoja alikuwa fundi mkuu, Msukuma mnene wa kama miaka arobaini, mwenye mwiko uliolika upande mmoja mpaka ukafanana na jani. Nilimwonyesha mchoro wangu wa kwanza, ghala dogo la pamba, na kina cha msingi nilichokizoea kwetu. Aliutazama mpaka mwisho. Kisha akaomba rula.

"Hii inapima nini, Mrundi?"

"Kila kitu," nikajibu, kwa kiburi cha mtu aliyebakiwa na kitu kimoja.

Akanichukua hadi nyuma ya ofisi, kwenye kiwanja kisichojengwa. Ilikuwa kiangazi. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umepasuka mipasuko mipana. Mhoja akaisimamisha rula yangu kwenye ufa mmoja, akaiachia. Ikazama yote. Hata mlio wa kutua sikuusikia.

"Haya," akasema, "pima."

Nilichimba nusu siku kuitoa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nililipata siku ya kwanza, kabla ya chakula cha mchana. Ilipotoka rula, Mhoja aliniletea maji ya kunywa, akanieleza taratibu: udongo huu ukilowa unavimba, ukikauka unajikunja, na ukuta uliosimama juu yake unapanda na kushuka nao. Unachimba mpaka uupite, ufikie changarawe au mwamba. Usipoupata, unaondoa mweusi wote na kujaza moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, unashindilia, ndipo unaweka mkanda wa zege wenye nondo. Maji ya paa unayapeleka mbali na ukuta. Na mti haupandwi karibu na nyumba, hata kama mke wako anaupenda. Haya yote sasa yamo kwenye kompyuta zenu, lakini bado nashauri kila kijana mpya ajaribu kuachia rula yake kwenye ufa.

Kazi niliielewa kabla sijawaelewa watu. Niseme wazi kwamba miaka ile ya mwanzo niliona upweke mkubwa. Kwetu ni milima, mtu anaamka na mlima mbele ya dirisha. Hapa ni tambarare, na jicho halina pa kuegemea. Nilikuwa nafikiri kwa Kifaransa, naota kwa Kirundi, nafanya kazi kwa Kiswahili cha kuokoteza, na mafundi wakicheka wanacheka kwa Kisukuma. Kila walipocheka nilidhani wananicheka mimi. Baadaye nilipojua lugha niligundua kwamba mara nyingi ilikuwa kweli.

Spesi alinipita kwa mbali. Baada ya mwaka alikuwa anabishana bei ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni kwa Kisukuma, na wanawake wa mtaani walikuwa wanaleta nguo zao kwake azishone. Mimi nilikuwa natoa "habari" moja nikipita na kuendelea na safari. Mhoja ndiye aliyenisimamisha.

"Usimpite mtu kama unapita nguzo," akasema. "Simama. Mwangaluka. Mhola? Uliza nyumba yake, watoto, ng'ombe. Jengo halikimbii."

Nikamwambia kwamba kwetu salamu ya heshima ni kumtakia mtu ng'ombe wengi. Akasimama, akauondoa mwiko ukutani.

"Kweli, bhabha?"

"Kweli."

"Kumbe ninyi ni watu tu," akasema, akaendelea kujenga. Sifa kama hiyo sijawahi kupewa na mteja yeyote.

Kibali kilipobakiza miezi michache, Bwana Shabani alipata kazi upande wa Lingeka, huko kwa wafugaji na wakulima wa pamba. Ilikuwa nyumba ya kusubiria kujifungua, karibu na zahanati. Wajawazito wa vijiji vya mbali wangekuja wiki moja au mbili kabla ya siku zao, wakae hapo na mtu wa kuwahudumia, ili uchungu usiwakute njiani. Mfadhili alitoa vifaa, kijiji kikatoa tofali na nguvu. Kwa mara ya kwanza tangu nivuke mpaka niliachiwa jengo zima, kuanzia karatasi tupu hadi funguo.

Nililichora kwa upendo. Mfikirieni wenyewe mtu ambaye karibu miaka miwili amechora maghala. Niliweka vyumba sita, baraza moja pana lenye kivuli, jiko moja lenye bomba la moshi, madirisha yanayofuata upepo. Choo kilikaa nyuma, jengo moja la milango minne, miwili ya wanawake na miwili ya wanaume, juu ya shimo moja refu lililojengewa tofali. Shimo moja kwa sababu ya udongo ule: kila shimo katika mbuga ni ugomvi, na nilikuwa nimepata sehemu moja yenye changarawe. Nililionea fahari shimo lile. Karatasi yake niliwapa wachimbaji wa kijiji moja kwa moja bila kumpitishia Mhoja, aliyekuwa anamalizia kazi Maswa. Nilitaka akija akute nimeuweza udongo bila yeye. Alipokuja, jamvi la zege lilikuwa limeshamwagwa juu. Aliona alama za milango minne, akapandisha kuta, akasifu kazi.

Jengo likakabidhiwa. Wazee walisifu, akina mama walipiga vigelegele, mwenyekiti wa kijiji akasema ni zuri mno. Tulirudi Bariadi, nikalala usingizi wa mtu aliyerudishiwa jina lake.

Miezi miwili ikapita, Bwana Shabani akaniita. Alikuwa ameshika karatasi.

"Lile jengo la Lingeka," akasema, na sauti yake safari hii ilikuwa ya mtu mmoja tu, "halina mtu. Hakuna aliyelala humo hata siku moja. Kamati inakwenda kulikagua baada ya wiki tatu. Wakiandika kwamba halifai, mimi barua yako naiandikaje? Niseme kazi yako inafaa, wao waseme haifai?"

Nilirudi nyumbani nikamkuta Alina ameketi mlangoni, akiwa na miaka minne, akihesabu vifungo vya mama yake kwa Kisukuma. Alikuwa hakumbuki kambi. Spesi aliniangalia usoni, akaacha cherehani.

"Tunarudi?" akauliza.

"Sijui," nikasema. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kusema neno lililoniuma kama lile.

Kesho yake nilipanda lori la saruji kwenda Lingeka. Nilikagua kila kitu, maana ndivyo nilivyofundishwa: nyumba ikikataliwa, tafuta kosa kwenye nyumba. Ukuta haukuwa na ufa. Paa halikuvuja. Jiko lilivuta moshi vizuri. Upepo ulipita vyumbani kama nilivyouchora. Nilikaa kwenye baraza langu tupu nikaanza kuamini kwamba kosa ni mimi, kwamba wamekataa kulala ndani ya nyumba iliyochorwa na mkimbizi.

Nikafanya jambo ambalo msanifu yeyote mwenye cheti angefanya. Nilimwomba mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji. Watu wakaja wengi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Nikasimama, nikawasalimu vizuri kama Mhoja alivyonifundisha, nikauliza waziwazi, kwa sauti ya kufika nyuma: "Ndugu zangu, nyumba ina tatizo gani? Ni vyumba? Ni jiko? Ni choo? Nani hapendi kukitumia choo, na kwa nini?"

Wanawake wakainamisha vichwa wote kwa pamoja. Wanaume wakaanza kutazama ng'ombe waliokuwa mbali sana. Kijana mmoja wa mbele aliinuka akaondoka haraka. Mwenyekiti akakohoa, akasema nyumba ni nzuri sana, haina tatizo lolote, akafunga mkutano.

Nilikuwa bado nimesimama pale nilipoguswa bega. Alikuwa Mayu Minza, mkunga wa zahanati, mama mfupi mwenye mikono iliyochemshwa maisha yake yote pamoja na vyombo vyake. Akanipeleka nyuma ya zahanati, karibu na sufuria lake la moto, akahakikisha hakuna mtu.

"Wewe baba, umetuaibisha," akasema. "Unamtajia mtu choo mbele ya mkwewe?"

"Mkwe gani?"

"Yule kijana aliyekimbia, mama mkwe wake alikuwa amekaa mbele yake. Ulitaka akujibu nini?" Akachochea kuni. "Sasa nisikilize, nitasema mara moja. Mwanamke akija kujifungua analetwa na nani? Mume wake anaendesha mkokoteni. Anayekuja kumhudumia ni mama yake mzazi. Huyo ni mama mkwe wa huyo mume. Hao wawili hawapishani mlangoni, hawali pamoja, na hawawezi kujisaidia kwenye shimo moja. Hawawezi kabisa. Kwa mila yetu ni kumvua nguo mkweo. Na wewe umewachimbia shimo moja."

"Lakini milango ni minne. Ya wanaume ni mbali na ya wanawake."

"Milango ni ya juu," akasema. "Watu wa hapa ndio waliochimba. Kila mtu anajua kilichopo chini."

Nikauliza kwa nini wachimbaji hawakuniambia. Hapo ndipo alipocheka, akafuta macho kwa kitenge.

"Walikuwa wanasubiri uwaambie wachimbe la pili. Mpaka leo wanasubiri. Wanasema huyu Mrundi ana mpango wake, tusimharakishe."

Kisha akaacha kucheka. Akaniambia kwamba wiki iliyopita mwanamke mmoja alijifungulia kwenye mkokoteni katikati ya mbuga, kwa sababu mume wake alichelewesha safari akiogopa aibu ya kukaa hapa na mama mkwe. Mama na mtoto walipona kwa bahati. "Mwingine hatapona," akasema. Nilimsikia vizuri kabisa. Mpaka dakika ile nilikuwa nalilia kibali changu, na mwanamke yule hata jina lake nilikuwa silijui.

Nililia machozi kidogo pale nyuma ya zahanati, siyafichi. Na kilichonitoa machozi zaidi ni kwamba nilikuwa naijua aibu hiyo. Mama yake Spesi, mwenye Biblia ile, hakuwahi kula chakula mbele yangu hata tonge moja, na mimi sikuwahi kukalia mkeka wake. Nilikua ndani ya mambo hayo. Lakini shuleni nilifundishwa mashimo kwa kipimo cha lita na idadi ya watu, na hakuna aliyeniuliza watu hao ni nani kwa nani. Nilikuwa nalaumu ugeni wa Usukuma, kumbe nilianza kuwa mgeni nikiwa darasani, mlima wa kwetu ukiwa dirishani.

Nilirudi Bariadi nikamweleza Mhoja. Alisikiliza, akauweka mwiko chini, akanitukana kwa Kisukuma kwa muda mrefu, kwa utulivu, bila kurudia neno.

"Mimi nilidhani yako mawili," akamalizia kwa Kiswahili. "Milango minne, mashimo mawili, mtoto mdogo anajua. Mbona hukunionyesha ile karatasi?"

"Nilitaka uone naweza."

"Nimeona," akasema. "Haya, twende tukachimbe."

Bwana Shabani alitupa wiki mbili na mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ghala, na akasema asisikie tena neno choo mpaka kazi iishe. Sikuitisha mkutano mwingine. Nilikwenda na Mhoja nyumba kwa nyumba, nikikaa na wanaume peke yao, na Mayu Minza akikaa na wanawake peke yao, kisha tunakutana jikoni kwake kulinganisha. Hapo nikajifunza mambo ambayo mkutano wa watu mia usingenipa. Baraza langu pana, lile la fahari, lilikuwa tatizo la pili: mlango mmoja, njia moja, mkwe na mkwe uso kwa uso kila asubuhi. Niliziba katikati kwa ukuta, nikafungua mlango upande wa nyuma. Nikachora njia mbili ambazo hazikutani popote, na katikati yake akina mama wakapanda minyaa.

Shimo la pili lilikuwa upande wa pili wa kiwanja, mbali, kwenye udongo mweusi kabisa. Tulichimba kwa zamu, watu wa nzengo, ndio majirani wa kijiji, pamoja na Mhoja na mimi. Wachimbaji walikuwa walewale. Jembe la kwanza lilipoingia ardhini, mmoja wao, Masanja, aliniambia kwa upole kabisa, "Tulijua tu utakuja, bhabha." Tuliondoa udongo mweusi wote mpaka changarawe, tukajenga tofali, na safari hii karatasi ilipita mikononi mwa Mhoja kabla ya mtu yeyote. Aliigeuza, akaigeuza tena, akatia alama ya mkaa pembeni. Karatasi hiyo ninayo.

Kamati ilikuwa ije Jumatatu. Jumamosi ikafika, nyumba bado tupu. Mchana nilikuwa juu ya ngazi napiga misumari kwenye bati la choo kipya nilipouona mkokoteni ukija kutoka mbugani, ng'ombe wawili, mwanamume mbele, na nyuma wanawake wawili chini ya mwavuli mweusi. Mwanamume alisimamisha mbali. Mayu Minza alimwendea, akamwonyesha kwa mkono njia hii, na ile. Kijana akatazama minyaa iliyopandwa juzi, ambayo bado ilikuwa haijafika hata magotini. Akatazama choo nilichokuwa juu yake. Kisha akashuka, akawafungua ng'ombe nira. Alikuwa yule aliyekimbia mkutano.

Mama mkwe akaingia kwa mlango wa mbele na binti yake, kijana akazunguka nyuma. Baada ya muda moshi ukatoka kwenye bomba la jiko. Nilikuwa bado juu ya ngazi, misumari mdomoni. Mhoja alinishikia ngazi kutoka chini, akanong'ona, "Shuka, Mrundi, usije ukaanguka kwa furaha tukakosa mchora ramani." Sijawahi kuona jengo zuri kuliko lile lilivyokuwa saa ile, na choo kikiwa bado nusu ya bati.

Jumatatu kamati ilikuta wajawazito watatu. Bwana Shabani aliandika barua yangu wiki hiyo hiyo. Ilikuwa na mistari minne, na mmoja ulisema: "Mchoraji huyu anafaa kwa mazingira ya hapa." Spesi aliisoma mara tatu akiwa amesimama, halafu akakaa chini sakafuni na kuanza kucheka, nami nikakaa naye, na Alina akadhani ni mchezo.

Baada ya hapo kazi ilikuwa nyingi. Simiyu ilipofanywa mkoa mnajua wenyewe tulivyokimbizana na majengo. Bwana Shabani alifariki, mwanawe akaendeleza ofisi. Mhoja alistaafu kabla yangu, akaniachia mwiko wake, ule wa kama jani, uko ukutani kwenu na naomba asitokee mtu wa kuunoa. Uraia ulikuja. Vyeti vyangu vilipatikana nakala baada ya miaka mingi, nikaandikishwa msanifu nikiwa tayari na mvi. Kuhusu njia ya kazi, ninalo moja tu la kuwaachia. Kabla ya ukuta wowote, kwenye karatasi ya kwanza, huwa naandika juu kabisa: nani hapaswi kukutana na nani. Mmekuwa mkinicheka kwa swali hilo, hata mlipochora ofisi. Endeleeni kucheka, lakini ulizeni, na mumuulize kila mmoja akiwa peke yake.

Nilipojenga nyumba yangu hapa Bariadi, nilichora vyoo viwili. Kimoja karibu na jiko, kingine upande wa pili wa uwanja, na njia yake na minyaa yake. Spesi aliutazama mchoro.

"Hiki cha pili cha nani?" akauliza. "Sisi huku hatuna hata ndugu mmoja. Mkwe tutamtoa wapi?"

Nikasema udongo wa pale ni mzuri. Nikakijenga, nikakifunga kwa komeo. Kwa miaka mingi hakikuingiwa na mtu. Spesi alikifagia kila Jumamosi, akilalamika.

Alina alikuwa amepita thelathini, anafundisha sekondari, na mama yake alikuwa ameanza kukata tamaa kimyakimya, alipotuambia habari za Dotto, mwalimu mwenzake, mtu wa Ipililo. Mwaka jana, nikiwa nimebakiza miezi michache ofisini, wazee wa Dotto walikuja. Walikuwa wanne, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Luhende, mkulima mwenye sauti nzito na kofia ambayo haikuvuliwa. Tuliwakaribisha sebuleni, Spesi na Alina wakiwa chumba cha ndani, na mimi nikiwa na Mhoja pembeni yangu, sasa ana fimbo, kusimama kama ndugu yangu.

Mzee Luhende hakuzunguka. "Binti hatuna neno naye," akasema. "Lakini ndoa ni watu na watu. Sisi tukienda kwa Msukuma mwenzetu, tunauliza jirani, tunauliza ukoo, tunajua mama yake alikuwa nani. Ninyi tutawauliza kwa nani? Kwenu ni mbali, na sisi hatuwajui."

Hakulisema kwa ubaya, na ndiyo maana liliniingia. Miaka yote ile, na bado mtu wa haki kabisa anaweza kuniuliza mimi ni nani, na sina wa kumwita aje kunijibia. Nilimwona Mhoja akijiandaa kusema, nikajua hata yeye ushahidi wake unaanzia siku ya rula. Nyuma ya ukuta cherehani ya Spesi ilikuwa kimya. Nikafikiria Alina akisikiliza.

"Ngoja kwanza," Mzee Luhende akasema, akainuka taratibu akijishika kiuno. "Safari ilikuwa ndefu. Mna pa kujisaidia?"

Nikainuka, nikampitisha mlango wa upande, si ule wa jikoni. Nikamwonyesha njia ya minyaa. Akaenda. Nikarudi kukaa.

Alikawia. Alipotoka alisimama uwanjani, akaliangalia jengo lile, akageuka akatafuta lingine kwa macho mpaka akaliona upande wa jiko, akapima kwa macho njia moja na nyingine. Alinawa mikono, akaingia, akaketi.

"Kile choo," akasema, "hakijawahi kutumika."

"Hapana, mzee."

"Umekijenga kwa ajili yetu? Baada ya kusikia tunakuja?"

"Hapana. Nilikijenga na nyumba. Alina alikuwa kidato cha kwanza."

Kisha akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Basi mlikuwa mnatusubiri," akasema.

Mlango wa ndani ukafunguka kidogo, na aliyejibu alikuwa Spesi, bila kujitokeza, kama inavyopasa:

"Ndiyo, baba. Tumewasubiri sana. Karibuni nyumbani."